Miaka 20 ya Hifadhi ya Itombwe: mpaka umepatikana, sasa ni zamu ya moto

Tarehe 11 Oktoba 2026, Hifadhi ya Mazingira ya Itombwe inatimiza miaka 20. Kwa watu wa Fizi na Baraka, wa Mwenga na wa Uvira, hiyo ni siku ya heshima. Hifadhi hii ilizaliwa Kinshasa kwa amri ya waziri, mwaka 2006, nchi ikipiga kura zake za kwanza baada ya vita. Wengi hawakuipa miaka mitano. Leo ingali imesimama.

Tunaipongeza. Tunawapongeza walinzi wake, ambao wamepanda milima ile kwa miguu katika miaka ambayo wengine walikuwa wakiishuka kwa kukimbia. Tunawapongeza wazee wa vijiji waliokaa vikaoni kujadili kijito kipi na kilima kipi kiwe mpaka. Tunawapongeza watafiti wetu wa Kongo, waliobeba daftari na chandarua mahali ambapo kila mtu mwingine aliyebeba kitu alibeba bunduki.

Ndani ya sherehe hii kuna nyingine. Mwaka 2016, miaka 10 iliyopita, Itombwe ilipata mipaka iliyokubaliwa na kutiwa sahihi na gavana wa Kivu ya Kusini. Mwaka huohuo wilaya ya Fizi ilipata hifadhi yake ya Ngandja upande wa kusini, na ndugu zetu wa jimbo la Tanganyika wakapata ile ya Kabobo, msitu uleule ukivuka mstari wa majimbo mawili. Kwa hiyo tunasherehekea miaka 20 ya jina na miaka 10 ya ardhi.

Msomaji wa Baraka hahitaji kufundishwa thamani ya milima hiyo. Anaiona kila asubuhi akilipa ziwa kisogo. Inapanda hadi mita 3,475 kwenye kilele cha Mohi. Mvua inayoanguka juu yake inagawanyika: mito ya Elila na Ulindi inakwenda magharibi kuutafuta mto Lualaba, na Mutambala inashuka kwetu, inapita mashambani na kuingia Ziwa Tanganyika. Hata hayo maji ya ziwa, yakishatoka kwa mto Lukuga pale Kalemie, yanaukuta Lualaba vilevile. Mlima mmoja unanywesha pande zote mbili.

Maji hayo yanapokuja kwa kiasi, tunavuna mpunga na mihogo. Yanapokuja yote kwa pamoja, tunazika. Hakuna aliyesahau usiku wa Mei 2025 kule Kasaba, sekta ya Ngandja, mto ulipovunja kingo na kubeba nyumba pamoja na waliolala ndani. Makumi ya watu walikufa, wengi wao watoto na wazee. Mvua ilikuwa kubwa na hakuna hifadhi ambayo ingeizuia. Lakini kila mkulima anajua tofauti ya mvua inayoangukia msitu na mvua inayoangukia mteremko mtupu, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya Itombwe na Ngandja kuwa jambo la uhai kwa watu wa chini.

Wataalamu waliijua milima hii zamani. Mwaustria Rudolf Grauer alikusanya wanyama magharibi ya Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, na gorila wa misitu yetu anaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1951 watu waliomkusanyia ndege Alexandre Prigogine, mtaalamu wa madini aliyefanya kazi Kivu, walimpata bundi ambaye sayansi ilikuwa haijamwona. Mwaka 1959 George Schaller na John Emlen walipita wakitafuta gorila. Halafu ukaja uhuru, maasi ya 1964, na miaka mirefu ambayo Fizi ilijulikana nje kwa sababu Che Guevara alipigana hapa mwaka 1965, wala si kwa sababu ya misitu yake.

Watafiti walirudi mwaka 1996. Omari Ilambu, mtoto wa nchi hii, akiwa na John Hart na Thomas Butynski, aliongoza upimaji wa gorila na ndege wa Itombwe. Mwaka huo yule bundi alinaswa tena, miaka 45 baada ya mara ya kwanza. Kabla mwaka haujaisha, vita vilianza katika milima hiihii. Ripoti yao ilitoka mwaka 1999, nchi ikiwa katika vita vya pili. Ndiyo iliyofanya iwezekane kusema, amani iliporudi kidogo, kwamba hapa kuna aina zaidi ya 550 za ndege na kwamba eneo hili linastahili ulinzi wa sheria.

Amri ya 2006 ilikuja kujibu hoja hiyo, lakini ilikuja vibaya. Mipaka ilichorwa mbali na vijiji, na wenyeji hawakuulizwa. Wabembe, Walega, Wanyindu, Wafuliiru, Wavira, Wanyamulenge na Watwa waliamka wakaambiwa kwamba mashamba, malisho na makaburi ya babu zao yamo ndani ya hifadhi ya serikali. Walikataa, na walikuwa na haki ya kukataa. Tahariri ya sherehe haipaswi kuficha hilo, kwa sababu uzuri wa Itombwe uko katika kilichofuata.

Kilichofuata ni miaka 10 ya kurekebisha. Taasisi ya taifa ya hifadhi, ICCN, pamoja na mashirika ya hifadhi na mashirika ya wananchi waliacha kutetea ramani ya Kinshasa wakaanza kutembea kijiji kwa kijiji. Wenyeji walichora ramani zao wenyewe: hapa tunalima, hapa tunawinda, hapa ni mahali pa mizimu, hapa hakuna anayefika. Deo Kujirakwinja na wenzake waliieleza kazi hiyo mwaka 2019 katika jarida la Oryx, jinsi takwimu za wanyama zilivyowekwa juu ya ramani za watu hadi zikapatana. Hifadhi iliyotoka humo, ya mwaka 2016, ina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 5,700. Ina kiini kisichoguswa, ina sehemu za matumizi mengi, na ina sehemu ambazo watu wanaishi na kulima kwa haki kamili.

Tunaliita jambo hilo ushindi mkubwa kuliko ule wa 2006. Serikali ilikubali kusahihishwa na vijiji, na vijiji vikakubali kwamba kuna mahali ambapo shoka lisifike. Si maeneo mengi ya Kongo yanayoweza kusema hivyo.

Ukishaukubali mpaka, linabaki swali la yale yasiyojua mpaka. La kwanza kati ya hayo ni moto.

Kila kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua zirudi Septemba na Oktoba, milima ya Fizi inaungua. Tumezoea kuona mistari myekundu usiku juu ya Baraka kiasi kwamba hatuiulizi tena. Mfugaji wa nyanda za juu anachoma majani makavu ili ng'ombe wapate machipukizi. Mkulima anafyeka na kuchoma kabla ya kupanda. Mwindaji anachoma ili ndezi atoke. Mvuna asali anaacha kienge chini ya mti. Mchoma makaa, ambaye gunia lake linapika chakula chetu mjini, anaondoka kabla tanuri halijapoa. Kila mmoja ana sababu, na karibu kila mmoja atasema moto wake ulikuwa mdogo.

Milima hii haiungui kwa namna moja, na hapo ndipo elimu inapoanza. Upande wa kusini wa wilaya, kuelekea bonde la Luama, iko misitu ya miti iliyoachana, yenye nyasi chini yake, ambayo ni mwisho wa kaskazini wa miombo inayotoka Katanga, Zambia na Tanzania. Miti ile imeishi na moto tangu zamani. Ina magome mazito na inachipua tena kutoka shinani. Juu Itombwe hali ni nyingine kabisa. Msitu wa mlimani wenye ukungu, mianzi, na miti ya Hagenia ya nyanda za juu haukuumbwa kwa moto. Moto ukiingia pembeni mwake mwaka huu, unaua mstari wa kwanza wa miti. Nyasi zinaota pale. Mwaka ujao zile nyasi ndizo kuni za moto unaofuata, na msitu unarudi nyuma hatua nyingine. Mtaalamu wa misitu Charles Doumenge aliandika mwaka 1998 kuhusu misitu ya Itombwe, usambaaji wake na mwendo wake, na yeyote anayetaka kuelewa kwa nini upande wa mashariki wa milima una nyasi nyingi kiasi hiki aanzie hapo.

Kwa hiyo kusema "moto ni mbaya" hakutoshi, na kusema "moto ni desturi yetu" hakutoshi pia. Moto uleule unaolinda malisho ya Ngandja unaweza kumaliza msitu wa Itombwe. Anayetaka kuongoza sharti ajue ni moto gani, wapi, mwezi gani.

Afrika imeshafanya jaribio kubwa juu ya swali hili, tena jirani yetu. Mwaka 1933 wataalamu wa misitu wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walitenga viwanja vya miombo karibu na Ndola, si mbali na mpaka wa Katanga. Kiwanja kimoja hakikuguswa na moto kamwe. Kingine kilichomwa kila mwaka mapema, mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Cha tatu kilichomwa kila mwaka kwa kuchelewa, nyasi zikiwa kavu na jua kali. Mwaka 1959 Colin Trapnell alichapisha matokeo. Palipochomwa kwa kuchelewa, msitu ulikuwa umekufa, zimebaki nyasi na visiki. Palipochomwa mapema, miti ilikuwa hai. Palipolindwa, pamekuwa kichaka kizito, na aina za miti isiyopukutisha majani zilianza kuingia.

Tunaomba kila kiongozi wa Fizi auweke mfano huo moyoni. Mahali palepale, kiberiti kilekile, tofauti ni ya miezi mitatu, na baada ya miaka mingi tofauti hiyo ikawa kati ya msitu na uwanja wa nyasi. Aliyefanya jaribio hakuhitaji mitambo. Alihitaji kamba ya kupimia, daftari, na taasisi iliyodumu muda wa kutosha kurudi kila mwaka bila kukosa.

Mwaka huohuo wa 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyokuwa na makao Yangambi. Mrithi wake ni INERA, ambayo ina kituo Mulungu katika jimbo letu. Karibu na hapo, Lwiro, taasisi ya utafiti wa sayansi ya IRSAC ilianza kazi baada ya 1947, na Uvira kuna kituo cha utafiti wa maji ya ziwa. Mashina ya elimu tunayo. Kilichokatika mara kwa mara ni kurudi kila mwaka bila kukosa.

Kongo yenyewe imeshaonyesha kwamba inaweza. Katika Hifadhi ya Luki, Kongo ya Kati, kipande cha nyika kinachoitwa Manzonzi kilianza kulindwa dhidi ya moto katikati ya miaka ya 2000. Njia za kuzuia moto zilifyekwa na kulindwa kila kiangazi. Nyasi zikapungua, miti ikarudi polepole, na watafiti wakaipima. Hakuna aliyepanda msitu ule. Watu waliuzuia moto tu, na ardhi ikafanya yaliyobaki.

Mfano wa Kilimanjaro unatuhusu zaidi kwa upande wa maji. Andreas Hemp, aliyeipima misitu ya mlima ule kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba mioto ya sehemu za juu imesukuma ukingo wa msitu chini, na kwamba hasara ya maji inayotokana na hilo ni kubwa kuliko ile ya barafu inayoyeyuka, ambayo dunia nzima inaililia. Msitu wa juu hunasa ukungu: matone yanashika kwenye majani na kuvumwani za miti, yanadondoka, yanakuwa kijito. Ukiuchoma, ukungu unapita juu ya nyasi na kwenda zake. Itombwe haina barafu ya kuwavuta wapiga picha. Ina ukungu uleule, na vijito vyake ndivyo vinavyotufikia.

Ziwa letu nalo ni daftari. Kila mwaka chembe za mkaa wa moto wa pori zinabebwa na upepo na mito hadi ziwani, zinazama na kulala kwenye tope pamoja na chavua za miti. Sarah Ivory na James Russell walisoma tope hilo na mwaka 2016 wakachapisha historia ya miaka 60,000, jinsi hali ya hewa, wanyama walao majani na moto vilivyoshindana kuamua wapi pawe msitu na wapi pawe nyika. Wataalamu duniani wanatoboa sakafu ya ziwa la Baraka ili kuelewa moto wa Afrika. Watoto wa Baraka nao wapewe nafasi ya kulisoma daftari hilo. Liko mlangoni pao.

Tope hilo lina upande wa pili usiopendeza. Mradi wa bayoanuwai wa Ziwa Tanganyika wa mwaka 1995 hadi 2000, uliozihusisha nchi zetu nne, ulitaja udongo unaoshuka kutoka miteremko iliyovuliwa miti kuwa moja ya hatari kubwa kwa viumbe wa ufukweni. Samaki wengi wa ziwa hili wanazaa na kujificha katika mawe ya ukingoni. Mawe yakifunikwa na udongo, nyumba yao imekwisha. Mvuvi wa rasi ya Ubwari asidhani kwamba moto wa mlimani haumhusu kwa kuwa yeye anaishi majini.

Agosti 2019 ramani za setilaiti zilisambaa zikionyesha Afrika ya kati yote nyekundu, wakati dunia ikilia juu ya Amazoni. Wengi wakasema Kongo inaungua kuliko Brazili na hakuna anayejali. Sehemu kubwa ya alama zile zilikuwa mioto ya nyika na mashamba, ile ya kila kiangazi, si misitu mikubwa inayokatwa na kuchomwa. Kosa la ramani lilitufundisha jambo: asiyehesabu moto wake mwenyewe atahesabiwa na wengine, na watamwelewa vibaya.

Vyombo vya kuhesabu vipo. Tangu 2000 setilaiti zinapita juu yetu kila siku na kuandika kila mahali penye joto la moto, na NASA inazitoa taarifa hizo bure ndani ya saa chache. Kimoja cha vyombo hivyo kinaona kipande cha mita 375. Lakini mioto yetu ni midogo. Mwaka 2019 timu ya Ekhi Roteta ilitumia picha kali zaidi kuipima Afrika kusini ya Sahara kwa mwaka 2016, ikakuta eneo lililoungua ni kubwa kwa asilimia 80 kuliko lile lililokuwa likiandikwa. Shamba la nusu hekta la Lulenge halikuwa linaonekana kutoka angani. Kwa hiyo setilaiti inahitaji mtu aliyesimama chini, anayejua nani alichoma, kwa nini, na moto uliishia wapi.

Sheria nazo zipo. Kanuni ya Misitu ya 29 Agosti 2002 inaugusa moto na kuuwekea adhabu. Sheria ya uhifadhi wa mazingira ya 11 Februari 2014 inalinda maeneo kama Itombwe. Amri ya 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wao hadi hekta 50,000, na sheria ya 15 Julai 2022 inawatambua Watwa na haki zao katika ardhi. Katika karatasi hatukosi kitu.

Lakini marufuku peke yake ilishajaribiwa na nchi yenye fedha kuliko sisi. Mwaka 1910 misitu ya kaskazini magharibi ya Marekani iliungua zaidi ya hekta milioni moja ndani ya siku chache. Idara ya misitu ikaapa kuzima kila moto, na kuanzia 1935 amri ikawa kila moto uzimwe kabla ya saa nne ya asubuhi inayofuata. Walifaulu kwa miaka mingi. Matokeo yake matawi makavu na vichaka vikalundikana chini ya miti, na moto uliposhinda askari, uliunguza kila kitu. Katika miaka ya 1970 waliiacha amri ile na kurudisha moto uliopangwa. Hata Canada, yenye ndege za kuzimia moto na vikosi vya kila namna, mwaka 2023 ilipoteza zaidi ya hekta milioni 15 katika kiangazi kimoja. Hatuwezi kuzima kila moto wa Fizi. Tunaweza kuamua uwake lini na usifike wapi.

Hii ndiyo kazi ya miaka 20 ijayo, na tunaitaka Hifadhi ya Itombwe iishike mbele ya taasisi nyingine zote, kwa sababu ndiyo iliyojifunza kukaa kikao na vijiji. Ile njia iliyochora mpaka ndiyo itakayochora kalenda ya moto. Wafugaji wa nyanda za juu waseme malisho gani yanahitaji kuchomwa na kila baada ya miaka mingapi. Wakulima wa sekta za Mutambala na Tanganyika waseme mashamba yao yanafyekwa lini. Wavuna asali na Watwa, wanaoujua msitu wa ndani kuliko mlinzi yeyote, waonyeshe moto unapenyea wapi. Halafu tarehe zitangazwe kanisani, msikitini, sokoni na redioni: huku ni Mei na Juni, huku ni mwiko mwaka mzima. Faini zibaki kwa atakayevunja makubaliano aliyoyatoa yeye mwenyewe.

Hatusemi kazi hiyo itafanyika katika amani. Tangu 2017 nyanda za juu zimeona vita vya ndugu kwa ndugu ambavyo vimechoma mamia ya vijiji. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na makao ya mambo mengi ya jimbo, ya hifadhi na ya utafiti yakajikuta upande wa pili wa mstari wa mapigano. Waliokimbia wamejaa Baraka. Kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa 2015 kwa ndugu zetu wa Burundi, na ile ya Mulongwe iliyofuata, zinahitaji kuni kila siku, na kuni hizo zinatoka mlimani.

Moto wa vita na moto wa pori ni ndugu kwa namna moja inayouma. Familia inayokimbia inaacha malisho bila mchungaji na shamba bila mwenyewe. Hakuna anayefyeka njia ya kuzuia moto. Hakuna anayekumbuka kwamba mteremko ule ulichomwa mwaka jana na upewe mapumziko. Nyasi zinalundikana, na kiberiti cha kwanza cha Septemba kinafanya kazi ya miaka mitatu. Na anayechoma nyumba ya jirani hafikirii msitu ulio nyuma yake.

Hata hivyo tuliona mwaka 2016, katika jimbo ambalo halikuwa na utulivu, watu wa makabila yasiyoaminiana wakikaa chumba kimoja kukubaliana juu ya mpaka. Kuzungumza juu ya tarehe ya kuchoma majani ni jambo jepesi kuliko hilo, na lina faida kwa kila aliyekaa mezani: ng'ombe wa mmoja, mihogo ya mwingine, maji ya wote wawili. Tunawaomba viongozi wa jamii zote wasiidharau meza hiyo. Inawezekana ikawa ya kwanza wanayokubali kuikalia.

Kwa serikali ya jimbo, ombi letu ni la fedha na la watu. Walinzi wa Itombwe walipwe kwa wakati. Wapewe simu zenye ramani na mafunzo ya kusoma alama za setilaiti, ili asubuhi wajue moto uko wapi kabla ya kupanda mlima. Taasisi za Bukavu zinazofundisha maendeleo vijijini, misitu na mazingira, na wanafunzi wa Fizi walio Lubumbashi na Bujumbura, wapewe mada hii kwa kazi zao za kuhitimu. Hatuna uhaba wa vijana wenye kalamu. Wanaandika kila mwaka juu ya mambo ya mbali kwa sababu hakuna aliyewaonyesha njia ya mlimani.

Kwa wafadhili tunasema wazi: mradi wa miaka mitatu haupimi moto. Kule Ndola, kati ya kutengwa kwa viwanja na kuchapishwa kwa matokeo ya Trapnell ilipita miaka 26. Anayetaka kuisaidia Itombwe katika jambo hili aahidi muda, hata kama fedha ni kidogo. Kiwanja kimoja kinachotembelewa kila mwaka kwa miaka 20 kina thamani kubwa kuliko warsha 20 za mjini.

Kwa mkazi wa Baraka, anayenunua gunia la makaa bila kuuliza limetoka wapi: uliza. Miti iliyopandwa kwa ajili ya kuni karibu na mji, na majiko yanayokula makaa machache, ni sehemu ya ulinzi wa Mutambala sawa na mlinzi aliye juu.

Kiangazi kijacho kinaanza Juni 2027. Kabla ya hapo tunataka kuona mambo mawili tu yamefanyika. La kwanza ni vikao vya kalenda ya moto katika sekta zote nne za Fizi, yaani Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge, na kwa jirani zetu wa nyanda za juu popote usalama unaporuhusu. La pili ni viwanja vya kudumu vya utafiti, vitatu Ngandja kwenye nyika na vitatu ukingoni mwa msitu wa Itombwe: kimoja kisichoguswa, kimoja cha moto wa mapema, na kimoja kinachoachwa kama kawaida ya kijiji. Pembe zake ziwekewe mawe yaliyopakwa rangi, miti yake ihesabiwe na kupewa namba, na daftari lake lihifadhiwe nakala tatu, moja kwa mhifadhi, moja Lwiro, na moja shuleni katika kijiji kilicho karibu, mikononi mwa mwalimu na wanafunzi watakaorudi kuhesabu mwaka 2028.